Harusi ya Pekupeku

Makambako,
16 Machi 2025

Dada yangu Oktavia,

Kamwene.

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari kwa kina, naitangazia familia ya marehemu baba yetu, pamoja na majirani wote wa Yakobi, kwamba mimi Xaveri, muuza masweta na makoti ya mtumba katika soko la Makambako, jana jioni nilivaa kaptula. Tukio lilifanyika chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na lilishuhudiwa na wifi yako Rebeka peke yake, ambaye alicheka mpaka akakaa kitandani. Anasema magoti yangu yanafanana na viazi vilivyosahauliwa ghalani. Nimeyatazama vizuri. Sina hoja ya kumpinga.

Sisi wengine hatujambo. Rebeka aling'oa lile jino na sasa anakula hata mahindi ya kuchoma. Biashara inakwenda. Baridi ikianza kunusa tu, watu wa hapa wananikumbuka kama ndugu yao.

Naandika badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Nikikupigia anapokea mwanao Beatha, na neno nililonalo linamhusu Beatha. Barua hii anakuletea Vestina wa maharage, nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Kadi ya harusi imefika. Bichi, Ziwa Nyasa, kule chini ya Ludewa, mwezi wa saba. Mavazi meupe na bluu. Miguu pekupeku kwa wote, kuanzia maharusi hadi wazee. Nimemuuliza Beatha kwa simu haya mawazo ni ya nani, akasema ni ya mchumba wake.

Sasa niambie, dada. Huyu ni Lameki yule yule wa Ipelele, mkulima wa viazi, aliyekuja kujitambulisha kwako mwezi wa kwanza? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwepo. Wote tulivua viatu mlangoni kama kawaida ya nyumba yako, hata mshenga wake mzee yule alivua, na soksi yake ilikuwa na tundu la kutosha kupitisha yai. Lameki peke yake akagoma. Nikamtania kwamba kapeti lako halijazoea buti. Hakucheka. Akasema atakaa barazani. Akala ugali barazani, kwenye manyunyu, buti miguuni, kama mlinzi.

Mtu akikataa kuvua viatu nyumbani kwako, halafu akachagua mwenyewe harusi ya kuvua viatu, mimi naona mambo mawili. Ama amebadilika, ama hana nia ya kufika siku hiyo. Tutapanda magari mpaka ziwani, tutavaa kaptula zetu, tutasimama kwenye mchanga tunatazama njia.

Chunguza. Wewe ndiye mama.

Kakako,
Xaveri


Yakobi,
6 Aprili 2025

Kaka Xaveri,

Kamwene. Tangazo lako limepokelewa na familia imesikitika. Kama unaweza kuvaa suruali, vaa suruali.

Mimi sijambo, ila kifua kinanikwaruza asubuhi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Padri mpya ni kijana na anahubiri kwa ufupi, watu wanamsifu kwa hilo hata kabla hawajasikia alichosema. Barua yako ilichelewa. Vestina aliifunga pamoja na kitenge chake kipya, akakisahau kitenge, akaisahau na barua.

Kuhusu harusi, kamati inakutana nyumbani kwangu kila Jumapili na mimi ndiye ninayechemsha chai. Wanawake wamegawanyika. Wengine wanataka minazi ya plastiki ya kukodi, wengine wanasema tukate mianzi ya hapa hapa tuifunge vitambaa vya bluu, nani atajua. Mmoja alitaka wageni wanywe madafu. Nikamuuliza dafu la Njombe linaota kwenye mti gani. Padri ametuambia wazi kwamba ndoa itafungwa kanisani, kwenye parokia ya kule kule ziwani, na bichi ni kwa ajili ya chakula na picha tu. Lameki ni Mlutheri lakini amekubali kila kitu alichoambiwa na padri. Hilo nalo linanitia shaka. Mwanaume anayekubali kila kitu anaficha kimoja.

Hizo buti nami sikuzisahau. Nilimuuliza Beatha siku ile ile. Akasema, "Mama, miguu yake ina baridi." Nikamwambia kwetu hapa miguu ya nani ina joto.

Unajua Beatha alimpatia wapi huyu mtu? Pale zahanati anapofanya kazi. Nilipouliza alikuwa anaumwa nini, alisema yeye haumwi, alikuwa amemsindikiza mtu. Nikauliza mtu gani. Akasema, "Mambo ninayoyaona kazini siwezi kuyaleta jikoni." Amenijibu hivyo mimi, niliyemlea peke yangu tangu baba yake afariki.

Nitamwandikia Idda kule Makete aniulizie.

Dada yako,
Oktavia


Makambako,
21 Aprili 2025

Dada Oktavia,

Kamwene, na heri ya Pasaka. Tulikula kuku aliyekuwa mzee kuliko mshumaa wa Pasaka. Rebeka alimchemsha tangu Jumamosi na bado alikuwa na msimamo wake.

Umefanya vizuri kumtumia Idda. Binamu yetu huyo ameolewa Makete miaka mingi, na kama kuna jambo Ipelele asilolijua Idda, basi halijatokea.

Mimi nami sikukaa bure. Lameki alipita hapa wiki iliyopita na lori la viazi linalokwenda Dar. Nilimwona kwenye mizani, nikamwita tunywe chai. Dada, ni kijana wa adabu. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Aliniuliza habari za Rebeka kabla sijamuuliza za kwao. Nilianza kumpenda, nikajizuia, kwa sababu matapeli wote niliowahi kukutana nao hapa Makambako walikuwa na adabu kuliko mimi.

Nikamwambia kwa utani kwamba nimeshafanya mazoezi ya kaptula, na yeye je, buti atazivua lini. Akatazama chini ya meza. Kisha akasema, "Siku hiyo, mjomba. Mbele ya watu wote. Sitaki tena waone kwanza halafu waondoke."

Nikauliza nani waliondoka. Akaniambia chai ni tamu, akaenda kwenye lori lake.

Waone nini, Oktavia? Na waliondoka akina nani? Ninachokijua ni kwamba kuna watu walishamkubali huyu kijana kabla yetu, wakaona kitu, wakamwacha.

Anatembea vizuri, nilimwangalia. Labda anavuta kidogo mguu wa kushoto. Au ni mimi niliyetaka uvute.

Kakako,
Xaveri


Yakobi,
8 Juni 2025

Kaka Xaveri,

Kamwene. Nimekaa na barua yako muda mrefu na sitakupa sababu. Habari za hapa ni nzuri. Ndama anakua. Mahindi tumeshavuna, na asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande wa barafu.

Idda amejibu. Mguu wa Lameki wa kushoto hauna vidole. Uliungua akiwa mtoto mchanga, kwenye jiko la kuni, ndani ya nyumba yao. Alishawahi kuposa kijiji cha jirani. Mahari ilikwishapokelewa, ndipo mashemeji wakamwona anaosha miguu mtoni. Walirudisha kila kitu kesho yake asubuhi.

Sihitaji kukufundisha. Mimi na wewe tulizaliwa kwenye baridi hii, tulilala kuzunguka moto. Kovu la moto kwa mtu, wazee walikuwa wanauliza swali moja tu: nani huanguka katika nyumba hiyo? Mguu hautumbukii motoni bila mtu kuanguka. Ni kifafa, Xaveri. Na kifafa hakiolewi peke yake. Unaoa nyumba nzima, mpaka wajukuu.

Nilimwita Beatha tukiwa wawili. Nilimuuliza, Lameki anaanguka? Akasema haanguki, hajawahi. Nikauliza basi nani anaanguka. Akanyamaza. Nikamwambia huwezi kunyamaza mbele ya mama yako. Akalia, lakini hakusema. Maskini mwanangu alilia mpaka akashika ukuta, na bado hakusema.

Sasa kamati inaendelea kubishana juu ya minazi na mianzi nyumbani kwangu, na mimi nachemsha chai, na hakuna anayejua ninachokijua. Nimechoka kutabasamu.

Muulize wewe huyo kijana. Muulize waziwazi, kwa kiume.

Oktavia


Makambako,
22 Juni 2025

Dada,

Kamwene. Hali zetu ni nzuri, masweta yamekwisha, nimeagiza mengine.

Nimemuuliza. Sikuuliza kwa kiume sana, nilizunguka kwanza kwenye bei ya viazi, mvua, na uchaguzi wa rangi ya kaptula, mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma. Akasema, "Mjomba, mimi sianguki. Sijawahi kuanguka." Alinitazama usoni na namwamini.

Nikauliza, basi mguu uliunguzwa na nani? Akasema, "Hilo si langu kulisema."

Ni maneno yale yale ya Beatha. Wameshikana hawa watoto kama mlango na bawaba. Nimejaribu kukasirika, nimeshindwa. Lakini shaka haijaniisha. Tena imehama tu, imetoka kwake imeingia ndani ya nyumba yao, na huko sina macho.

Tusivunje harusi kwa kitu tusichokijua. Na usije ukaacha kwenda. Nakufahamu.

Xaveri


Yakobi,
20 Julai 2025

Kaka Xaveri,

Kamwene. Salamu kwa wifi Rebeka.

Kifua changu kimezidi. Njia ya kushuka ziwani ni ya milima na kona, nimeonelea nisisafiri. Beatha nimeshamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekunywa dawa. Basi.

Wewe ndiye mjomba, utamshika mkono badala ya baba yake. Nimempa Vestina sanduku dogo, ndani kuna shuka jeupe nililolidarizi. Lilikuwa la meza kuu. Tumieni mnavyoona.

Usinibembeleze.

Oktavia


Yakobi,
31 Julai 2025

Xaveri,

Harusi imepita, na wewe umenyamaza. Idda alipita hapa jana. Anasema mama yake Lameki, yule Dorkasi, alianguka mbele ya watu wote, kwamba alitumbukia ziwani, kwamba wewe uliingia majini na nguo zako ukamwokoa. Anasema watu wanakuita shujaa.

Nakujua tangu unanyonya. Unaogopa hata mto wa kuogea. Niambie kilichotokea, na usinichekeshe.

Oktavia


Makambako,
3 Agosti 2025

Dada yangu Oktavia,

Kamwene. Rebeka hajambo, mimi sijambo. Sikukawia kwa sababu ya Vestina safari hii. Nilianza barua mara kadhaa na kila mara nikajikuta nimeandika yale anayosimulia Idda, kwa sababu ni mazuri. Sasa nakuandikia yaliyotokea.

Misa ilikwenda vizuri. Nilimshika Beatha mkono mpaka altareni. Padri wa kule alifungisha ndoa bila haraka. Lameki kanisani alikuwa na buti zake nyeusi zimepigwa rangi mpaka zinameta, na watu wa Makambako walinong'ona.

Kisha tukashuka bichi. Joto, Oktavia. Joto la kweli, mwezi wa saba huu huu. Wajumbe wa kamati walivua makoti wakawa kama kuku walionyonyolewa. Mianzi ilishinda, ilifungwa vitambaa vya bluu, na upepo wa ziwa ulikuwa unaipiga kama bendera za siasa. Shuka lako lilikuwa kwenye meza kuu, limeshikiliwa na mawe kila kona.

Lameki alisimama katikati ya mchanga, akaomba watu wanyamaze. Akakaa kwenye kiti, akafungua kamba za buti. Hakufanya haraka wala hakuchelewesha. Akavua soksi. Mguu wa kushoto ni kama Idda alivyosema, umekatikia mbele, ngozi imekunjamana. Akasimama nao kwenye mchanga, akasema huu ndio mguu wake, aliungua akiwa mtoto mchanga, na asiyetaka undugu naye kwa ajili ya mguu huo aondoke sasa, kabla chakula hakijapoa. Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. Nami nilipiga. Nikadhani mambo yamekwisha, na samaki wa ziwani, mbasa wa kukaanga, walikuwa wanapita, nikachukua sahani.

Dorkasi alikuwa ameketi karibu na maji. Ni mama mwembamba, mpole, kichwani kitambaa cheupe. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno zaidi ya salamu. Mwanawe alipomaliza kusema, nilimwona anajaribu kusimama, kama mtu mwenye lake la kueleza. Hakulieleza. Alitoa sauti nisiyoweza kuiandika, akaanguka chali kwenye mchanga, na mwili ukaanza kutupa mikono na miguu. Hakutumbukia ziwani. Maji yalikuwa yanamlamba visigino tu.

Oktavia, watu walikimbia. Watu wale wale waliotoka kupiga makofi. Viti vilianguka. Mama mmoja wa kamati alifunika pua na mdomo kwa upande wa kanga yake, akamvuta mtoto wake. Unajua tulivyolelewa, kwamba ukigusa lile povu la mdomoni nawe utaanguka. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Ningenyoosha mkono ningemfikia.

Nilirudi nyuma. Sikugeuka hata kukimbia kama wenzangu, maana nilitaka kuonekana sikimbii. Nilirudi kinyumenyume, sahani mkononi, macho kwake, na sikujua nyuma yangu ni ziwa mpaka maji yaliponifika magotini. Ndipo walioko mbali wakaniona nimesimama majini na kaptula imelowa, wakadhani nimeingia kuokoa mtu. Sikukanusha siku ile. Hata jioni walipokuwa wananipa pole kwa ushujaa nilijibu kwamba ni wajibu.

Aliyekwenda ni Beatha. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alipiga magoti na gauni lake lote, akamgeuza ubavu, akavuta lile shuka lako kutoka mezani, mawe yakaruka, akalikunja akamwekea chini ya kichwa. Kuna mtu alileta kijiko cha kumtia mdomoni. Beatha akamkataza. Akasema, "Mwacheni, atapita mwenyewe." Alikuwa anamfuta povu kwa utaji wake, Oktavia. Kwa mkono mtupu na utaji. Ndipo nikaelewa Lameki alikuwa anamsindikiza nani zahanati, na mwanao alikuwa ananyamazia siri ya nani wakati analia mbele yako akishika ukuta. Hakuwa anakuficha wewe. Alikuwa anamstahi mgonjwa wake.

Kisha akainua macho akanitafuta. Akasema, "Mjomba, njoo umshike mkono huu, asijiumize kwenye jiwe."

Hakunitazama kwa sababu nilikuwa mwanaume, au jasiri. Alinitazama kwa sababu nilikuwa mjomba wake. Nilitoka majini. Sahani niliiacha ikielea na samaki wake. Nikapiga magoti nikaushika ule mkono. Nilingoja kitu kiniingie. Hakikuingia kitu. Ulikuwa mkono wa mama mlima viazi, mgumu kwenye viganja, unavuta kwa nguvu, halafu ukalegea, halafu ukawa wa baridi ndani ya mkono wangu kama mkono wa mtu yeyote aliyechoka.

Alipofumbua macho aliona kwanza gauni. Akamwambia Beatha, "Nimekuchafulia nguo." Kisha akataka ainuliwe akae, akawaambia waliokuwa wamesogea kwamba mwanawe hana kifafa. Mwenye kifafa ni yeye. Lameki alikuwa mgongoni kwake siku alipoanguka kwenye moto, na tangu hapo yule mtoto amebeba lawama ya mama yake miguuni, hataki kuisema. Akasema sasa ameisema mwenyewe. Alipoanza kwenda zahanati kwa Beatha alipewa dawa, akakaa muda mrefu bila kuanguka. Juma lile la harusi, kwa pilikapilika za safari, aliziacha nyumbani.

Akauliza, mama yake Beatha yuko wapi. Nikasema anaumwa kifua. Akanitazama kwa upole hata nikaona haya. Akasema, "Anaogopa. Ningekuwa na binti, nami ningeogopa."

Watu walirudi mmoja mmoja, wakainua viti. Chakula kililiwa kikiwa kimepoa. Muziki ulipigwa, na Lameki alicheza na mama yake kwanza, taratibu, pekupeku wote wawili. Wapo walioondoka mapema. Wengi walibaki, na siwezi kukuambia kwamba wote waliobaki walikuwa na amani. Mimi sikuwa nayo mpaka usiku nilipolala nikaamka nikajikuta mzima.

Jumamosi ijayo Lameki na Beatha wanakuja Yakobi, na Dorkasi anafuatana nao kukupa pole ya kifua. Shuka lako amelifua kwa mkono wake, analileta. Nitakuja Ijumaa nikusaidie kupasua kuni, lakini wa kufungua mlango ni wewe.

Sitakuambia ufanye nini. Mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilirudi nyuma mpaka ziwani, na nilitoka kwa sababu tu mwanao aliniita. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Kakako,
Xaveri